Utepe Juu ya Mtama

Leo nimefungua kifurushi cha zile sinema za shujaa anayepaa angani, seti nzima, na sanamu yake ndani. Kabatini ninazo seti nyingine tatu. Harufu ya plastiki mpya iliponipata, nilijikuta shambani kwetu, pande za Ishiara.

Kaka yangu, aliyefanya kazi Embu mjini, aliniletea kanda mbili za video za shujaa huyo. Nyumbani hatukuwa na stima. "Krismasi nitakuja na tivii, deki ya video na betri ya gari," aliniambia. Nikawa ninalala nazo, nikinusa makasha yake.

Mtama ulipoanza kukomaa, ndege walivamia. Siku moja nilitoka shule nikakuta utepe mweusi umefungwa kutoka mti hadi mti juu ya shamba, ukimeta na kuvuma kwa upepo. Mama alikuwa akiutoa utepe wa kanda ya pili kama anayevuta matumbo ya kuku.

"Mama, hizo ni zangu."

"Kwani ulikuwa unaziangalia na nini?" aliniuliza bila kugeuka. "Sasa angalau zinafanya kazi."

Zilifanya kazi wiki moja. Ndege walizoea, wakawa wanatua papo hapo juu ya utepe, nami nikapewa kombeo.

Krismasi kaka alifika akisukuma wilbaro: tivii, deki, betri.

"Haya, leta kanda," akaniambia.

Nilimtazama mama. Aliingia jikoni, tukamsikia akipuliza moto uliokuwa tayari unawaka.