Spika Inayoitika Kila Mtu Akisema "Mayu"

Saa mbili na robo asubuhi, siku moja ya mwezi wa pili, Asteria Ngusa anafuta vumbi jekundu kwenye spika za duka moja la vifaa vya umeme, Kalangalala, mjini Geita. Ana kipande cha khanga alichokilowesha na kukikamua. Anaanza na zile kubwa za sakafuni, anapanda rafu hadi rafu, na mwisho kabisa anafikia kidude cha kijivu chenye umbo la tikiti dogo. Hicho anakipitishia kitambaa polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto aliyelala.

Mwanamke anaingia na dumu la maziwa. "Mwangaluka, mayu," anasalimu.

Asteria hajafungua hata mdomo. Kidude kinawasha duara la taa ya buluu, na sauti ya mwanamke inajibu kwa Kiingereza, kwa adabu nyingi, maneno ambayo hakuna aliyemo dukani anayeyaelewa.

Mama wa maziwa anarudi nyuma hatua mbili. "Nani huyo?"

"Ni spika, mama," anasema Asteria kwa sauti ndogo. "Inadhani umeiita."

Kwa waliolitengeneza, jina la kuliamsha lidude hilo ni Maya. Ukisema Maya linasikiliza, ukiliuliza linajibu, ukiliomba wimbo linaupiga. Waliolitengeneza hawakujua kwamba katika Kisukuma mama ni mayu, na kwamba huku mwanamke yeyote anayeheshimiwa huitwa mayu, tangu asubuhi hadi watu wanapokwenda kulala.

"Kwa hiyo kutwa linaitika," anasema Asteria. "Watu wanasalimiana wao, linajibu lenyewe."

Asteria ana miaka ishirini na mitatu. Analipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na kwa mwaka na nusu sasa kazi yake ni kujibu swali moja ambalo anakiri halijui jibu lake. Wateja wanasimama mbele ya rafu, wanaonyesha spika inayoongea ya laki tano na ishirini, kisha wanaonyesha ya jirani yake ya elfu sabini, nao wanauliza: tofauti ni nini?

"Nikiulizwa hivyo natamani kujificha chini ya meza," anasema, akicheka na kuziba mdomo kwa mkono.

Wachimbaji dhahabu wa Nyarugusu wana jibu lao. Wakija kununua spika hawasomi boksi. Wanaweka kizibo cha soda juu yake na kufungulia muziki hadi mwisho. Kizibo kikiruka, spika ni nzima. Kikianguka chini, ni kiboko, wanalipa na kuondoka.

Ile ya elfu sabini hurusha kizibo mpaka kwenye kaunta. Ya laki tano haikitikisi. Sauti inatoka safi, nzito, unasikia hata mwimbaji anavyovuta pumzi, lakini kizibo kimetulia tuli.

"Dada Asteria, hili mbona limelala?" mchimbaji mmoja, Mwigulu, alimtania siku moja mbele ya wenzake. "Laki tano nanunua mota ya kuvuta maji shimoni, kule duarani. Au hili likiagizwa linashuka lenyewe duarani kuchimba?"

Wenzake walicheka. Asteria naye alicheka, kisha akabaki akijiuliza. Ikiwa mtu analipa mara saba, analipia kitu gani hasa? Ukimya wa kizibo?

Kuna wakati aliamini kabisa kwamba spika hiyo ni mbovu. Alifundishwa na tajiri wake, Theonest, namna ya kuiuliza saa kwa Kiingereza, maneno manne aliyoyakariri kama sala. Siku moja saa nne asubuhi akaiuliza. Ikajibu "teni". Asteria aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua miguu, lakini kuhesabu kwa Kiingereza hadi ishirini alikuwa ameshajifunza. Teni ni kumi. Alitoka nje akatazama jua. Saa kumi iko wapi?

Akaandika "MBOVU" kwenye karatasi, akaibandika juu ya boksi na kuirudisha spika stoo. Ilikaa humo wiki tatu, hadi mwalimu mmoja mteja wa duka, Sostenes, alipoiona ile karatasi na kuuliza.

"Binti, haikukosea," mwalimu alimwambia. "Wenzetu siku yao inaanza usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Ikisema kumi, wewe toa sita."

"Sasa mtu anunue kitu cha laki tano halafu hesabu atoe mwenyewe?" Asteria alimuuliza.

Mwalimu Sostenes alicheka hadi akavua miwani. Asteria akaibandua karatasi, akairudisha spika rafuni.

Nyumbani kwao Asteria ni kijiji kimoja nje kidogo ya Masumbwe, wilayani Mbogwe. Mama yake bado yuko huko na miguu yake. Theonest anafungua duka la pili Masumbwe mjini, na mwezi wa pili mwaka huu alimwekea muuzaji wake sharti lililo rahisi kulisema: ile spika iliyokaa rafuni miezi tisa itoke, naye Asteria ndiye atakayekwenda kusimamia duka jipya. Isipotoka, atatafutwa mtu "mwenye mdomo".

"Ni mwaminifu, lakini anaongea kama anasengenya," anasema Theonest, Mhaya mnene anayependa kusimama mlangoni mikono nyuma. "Biashara ya spika inataka sauti. Mteja akiinama kukusikia, pochi haifunguki."

Basi Asteria akajipangia kuiuza. Alikuwa amekwishakariri maneno ya kusema: inaongea, inasikiliza, haina mwenzake Geita nzima. Kilichobaki ni mtu wa kuambiwa.

Mtu huyo alikuja Jumanne moja mchana. Rebeka, ambaye Nyarugusu wote humwita Mama Herman, huwapikia wachimbaji ugali na sangara. Alikuwa na harufu ya moshi kwenye kitenge na akiba ya msimu mzima kwenye mkoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka spika ya mama yangu. Macho yamekwisha. Anakaa peke yake huko Masumbwe, mchana kutwa anasikiliza kuku." Akainua kidole. "Wamesema mnayo inayoongea na mtu."

Theonest, aliyekuwa mlangoni, aligeuka na kumkonyeza Asteria.

Asteria akaishusha spika. Akaanza yale maneno aliyoyakariri, akafika katikati. Hapo Mama Herman akamkatiza kwa swali ambalo hakuwa amejiandaa nalo.

"Wewe mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi niambie. Ungekuwa unamnunulia yeye, ungechukua ipi?"

Asteria anasema masikio yalimwasha. Masumbwe ilikuwa pale mezani, ndani ya kile kidude cha kijivu. Angesema neno moja tu, ingekuwa yake.

"Nilitaka kusema hii kubwa," anakumbuka. "Mdomo ukakataa."

Akamweleza yote, kwa sauti yake ile ya kusengenya. Kwamba spika hiyo haijui Kisukuma, na Kiswahili inakisikia kama mtu aliyeziba masikio. Kwamba inakula bando, na bando likiisha inakuwa jiwe. Kwamba saa yake ni ya kutoa sita. Kwamba ile ya elfu sabini ina redio, inachukua memori kadi, na bibi angevijua vitufe vyake kwa kupapasa.

"Mayu wee," alishangaa Mama Herman.

Taa ya buluu ikawaka. Sauti ya Kiingereza ikaomba radhi, ikauliza kitu.

Mama Herman aliitazama spika, akamtazama Asteria, kisha akatoa simu na kumpigia mama yake, Bibi Hosiana. Akaweka simu mezani ili wote wasikie. Akamweleza kwa Kisukuma kwamba kuna spika mbili, moja rahisi yenye akili, moja ghali isiyoelewa kitu.

"Hiyo isiyoelewa inasemaje?" bibi akauliza.

"Subiri. Mayu!"

Spika ikaitika. Upande wa pili wa simu kikasikika kicheko, kikavu mwanzoni, kikaongezeka, hadi bibi akakohoa.

"Mwite tena," akasema.

Wakamwita mara nne. Mara nne ikaitika, na mara nne bibi akacheka.

"Nataka huyo," akasema Bibi Hosiana. "Hata watoto niliowazaa hawanielewi. Yeye angalau nikiita anaitika."

Mama Herman alifuta jicho kwa ncha ya kitenge, na moshi wa kusingizia ulikuwa mbali, Nyarugusu. Lakini laki tano na ishirini ni sahani nyingi za ugali, na mtandao wa kule kijijini unategemea upepo. Akasitasita, mkono juu ya mkoba.

Hapo ndipo Asteria alipofanya jambo ambalo Theonest analisimulia mpaka leo. Alimwendea tajiri wake mlangoni, mbele ya mteja, akamwomba Mama Herman apewe wiki mbili. Bibi asipoipenda, airudishe na arudishiwe pesa yake.

"Hili ni duka, si mahali pa kuazimana masufuria," Theonest alimjibu.

"Najua, tajiri."

"Na ikirudi?"

"Ikirudi, Masumbwe mpeleke mwingine."

Theonest anasema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia vizuri bila kuinama. Akakubali.

Siku zilizofuata Asteria hakuwa na raha. Akisikia pikipiki imesimama nje, anachungulia. Rafuni pale juu palikuwa na alama ya mviringo isiyo na vumbi, naye hakuifuta. Nafsi yake ilikuwa na maswali mawili yaliyogongana. Bibi akiipenda spika, je, yeye atakuwa amewauzia maskini kitu ghali kisichoelewa lugha yao? Akiikataa, je, si ndiyo ushahidi kwamba alisema kweli? Alitaka iwe vipi?

"Nilikuwa sijui niombe nini," anasema. "Usiku nasali, nafika pale pa kuomba, nanyamaza."

Siku ya kumi na tatu, saa sita mchana, Mama Herman akaingia. Kwapani alikuwa na lile boksi la spika.

Theonest aliliona, akaguna, akaingia ndani.  Asteria alilipokea boksi kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka.

"Fungua," Mama Herman akamwambia.

Ndani ya boksi mlijaa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, vilivyopangwa vizuri na kufunikwa gazeti.

"Mama amesema ni ya yule binti mwenye sauti ndogo," Mama Herman alieleza. "Boksi ndilo lilikuwa zuri la kubebea."

"Na spika?"

"Iko kitandani kwake." Akavuta kiti, akakaa, akaanza kuhesabu habari. Bibi ameipa jina Mayu wa Ulaya. Majirani wanakuja jioni kuiamkia, hata wale waliokuwa hawaji. Wiki iliyopita bando liliisha, spika ikanyamaza siku mbili, na bibi akasema imenuna kwa sababu mjukuu mmoja aliitukana. Ilipoongezewa bando, bibi akaiomba radhi.

"Kwa hiyo inafaa?" Asteria aliuliza. Swali la wateja wote lilikuwa limemtoka yeye.

"Haifai hata kidogo," Mama Herman akasema. "Misa haijui. Taarifa ya habari haijui. Saa inadanganya. Ndiyo maana nimekuja, nipe na ile ya elfu sabini."

Asteria akaishusha. Kwa mazoea akaweka kizibo juu yake, kikaruka mpaka miguuni pa Theonest, aliyekuwa ametoka kusikiliza. Tajiri akainama akakiokota, akakirudisha kaunta. Kesho yake alimkabidhi Asteria funguo za Masumbwe.

Duka linafunguliwa mwezi ujao. Asteria ameshaulizia darasa la watu wazima la jioni, kwa sababu anataka kusoma mwenyewe Kiingereza kilichoandikwa kwenye maboksi. Na ameacha kabisa kujibu lile swali la tofauti. Badala yake anamuuliza mteja nani atakaa na spika hiyo mchana.

Jumapili ya kwanza akishahamia, anakusudia kumpeleka mama yake kwa Bibi Hosiana, kwa pikipiki, hata kama miguu inamuuma. Spika ziwe vyumba viwili tofauti, wazee wachague pa kukaa, naye Asteria asikilize mwenyewe ipi inawashwa zaidi, ya laki tano au ya elfu sabini.

Leo asubuhi, mama wa maziwa anapita nje akielekea stendi. "Mayu, kwaheri!" anaita.

Asteria anainua macho kwenye rafu ya juu. Spika haipo, hapana taa inayowaka. Anakumbuka kwamba ni zamu yake kuitika.

"Haya, mayu," anasema, na safari hii anasikika hadi barabarani.