Samaki aliyekataa kuzama

Leo samaki amekataa kuzama, na sasa mama haachilii kamba.

Binamu yangu Wafula alimvua chini kabisa kwa lile timbo la mawe lililojaa maji, hapa Ndalu. Mama akasema amrudishe. Maji yaliyomchukua kaka yangu, samaki wake hatuli.

Akamrudisha.

Samaki akaelea tu, bana. Tumbo limefura, macho yametoka.

Si Wafula akamfunika na kreti iliyofungiwa mawe, akaishusha na kamba polepole. Ati huko chini tumbo litanywea, aogelee.

Kamba ikalegea. Akaivuta, kreti ikarudi tupu. Tukapiga makofi.

Mama akaishika ile kamba.

"Kumbe inafika chini."

Waliomtafuta kaka walituambia hakuna kamba inayofika chini kule. Tukazika shina la mgomba badala ya mwili wake.

Tuko nyumbani. Bado ameishika.

Nimwambie nini?