Kibati Alichong'oa Baba Mdogo

Jana kule Hombolo, mnunuzi wa magari ya zamani alisugua grisi kwa mafuta ya taa kwenye chesesi ya Landrova anayoiuza baba mdogo, akitafuta namba ya kiwandani. Harufu ile ikanirudisha kwenye matanga ya baba. Usiku ule, kwa mwanga wa koroboi ya mafuta ya taa, baba mdogo aling'oa kibati cha namba cha Landrova ya baba kwa patasi mbele yetu.

"Shemeji, hata kaburi halijakauka!" mama alilia.

"Gari la ukoo hili. Wewe ulikuja nalo?"

Akaondoka nalo. Mimi nikaachishwa shule.

Mjinga yule hakujua namba imegongwa pia kwenye chuma cha chesesi yenyewe. Mnunuzi aliisoma kwa sauti. Ndiyo iliyomo kwenye kadi ya gari yenye jina la baba aliyoificha mama, nami nilikuwa nimeishika mkononi.

"Mwanangu, yamepita hayo," baba mdogo akasema.

"Mwizi hana mwana hapa. Toa ufunguo."