Mtunza Majokofu

Mzee anayetunza majokofu ya sampuli katika taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza huvaa sweta mwaka mzima, hata siku ambazo sisi wengine tunajipepea kwa mafaili. Vidole vyake vimepauka kwa baridi, na kucha huzikata mpaka mwisho zisije zikatoboa glavu. Kila anapotoa kichupa cha damu husoma namba yake kwa sauti, mara mbili, taratibu, kama anayeita mgonjwa kwenye foleni. Ukimharakisha anakwambia, “Subiri, mwanangu, hii damu ina mwenyewe,” kisha anaanza upya.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja ambaye mwanawe, aliyekuwa katika utafiti wetu, alifariki kwa homa miaka mitatu nyuma. Alitaka damu ya mtoto iharibiwe, na hiyo ni haki yake. Daktari wetu akaanza kumweleza faida za utafiti. “Samahani, daktari,” mzee akasema, akaingia ndani, akarudi na kichupa kidogo kuliko kidole, kimelazwa kwenye barafu.

“Huyu hapa, mama. Uamuzi ni wako.”

Mama akakitazama kwa muda mrefu. “Mnamtoa mara kwa mara?”

“Mara mbili tu. Zote nilikuwapo mimi.”

Mama akajifuta macho kwa kiganja. “Basi mrudishe ndani, asije akapata joto.”

Mzee akakibeba kwa mikono miwili, na daktari akamfungulia mlango.