Simu ya Doña Mélida Iko Wazi kwa Wote

Niliingia Managua, Nikaragua, na anwani ya mpishi niliyoipata mtandaoni: kutoka ilipokuwa sinema, kona mbili kuelekea ziwani. Sinema ilibomoka zamani, kwa hiyo niliuliza njia mara tatu. Mlangoni nilimkuta Doña Mélida, mpika nakatamali, unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba, amejishika kiuno.

“Wewe ndiye mgeni wa mtandaoni? Majirani watatu wameshanipigia.”

“Nyumba na namba yako vinaonekana na kila mtu, Doña.”

“Ndiyo maana sipumziki. Jana mtu kaniuliza bei ya jeneza.”

Simu ikalia tena. Akanikabidhi, akavaa kofia.

“Naenda kwa mpwa wangu aliyeitangaza namba yangu mtandaoni, aifute. Anayetaka kuja mwelekeze kutoka ulipokuwa mnazi wa mzee Chepe.”

“Mnazi huo ulikuwa wapi?”

“Haujawahi kuwepo,” akasema, akaondoka.

Nikaketi, nikapokea.