Kireno cha Pasipoti

Wiki iliyopita, katika zahanati moja ya Khuwair ya Kusini, huku Uarabuni, nilimwona mama wa Msumbiji mbele ya karani, mtoto wake begani anaungua kwa homa. Karani, binti wa rika langu, aliifungua pasipoti, akaifunga, akatangaza kwa Kiarabu kwamba daktari hawezi kumwona bila ya mkalimani wa Kireno.

Akaitwa mfamasia, Mgoa mzee aliyesoma Kireno utotoni. Akauliza kwa upole. Mama akatikisa kichwa. Akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mama ni kiziwi. Mtoto akalia. Mama akambembeleza kwa Kimwani, lugha ya pwani ya kwao iliyo jirani sana na Kiswahili, na mabibi zetu wote kwenye foleni, Waarabu waliokulia pwani ya Afrika, wakageuka.

"We mwanangu," mmoja akamwambia karani, "nnamsikia anasema mtoto hajanyonya tangu jana. Kwenu na mamako mnasema nini?"

"Kiswahili, bibi. Lakini hapa ni kazini."

"Na homa je, imo likizoni? Muulize!"

Akamuuliza. Mama akajibu yote kwa pumzi moja, mtoto akaingizwa kwa daktari.

Nchi ile ina Kimakua, Kimakonde na lugha nyingine tele, na Kireno wengi hukutana nacho skuli, kama walipelekwa. Sisi tunaoficha Kiswahili chini ya meza za ofisi ndio tuliopaswa kulijua hilo mwanzo.

Nilipotoka nilichungulia fomu ya mtoto. Kwenye nafasi ya lugha, karani ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: Kireno.