Jina Langu Kazini Lilikuwa Chai

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa kitenge kipya. Ilikuwa ofisi ya ununuzi wa mazao hapa Songea mjini. Karani Mkuu alinionyesha jiko la mkaa nyuma ya masijala, yaani chumba cha mafaili, kisha akanipeleka kwa Meneja.

"Unaitwa nani?"

"Anastazia, mzee."

"Refu mno hilo. Nitakuita Chai. Nikisema Chai, nimekuita wewe na chai yenyewe, basi."

Karani Mkuu alicheka. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa naitaka kazi.

Mhudumu wa ofisi wakati wetu alifagia, akabeba mafaili, akachemsha chai. Tangawizi ilipondwa asubuhi, hasa mwezi wa sita, baridi ya Songea inapouma vidole. Mlangoni unabisha, unasubiri sauti. Ndani huangalii karatasi wala nyuso. Habari nilizipata kwenye vikombe: kikirudi kimejaa, kimefanya utando juu, nilijua humo ndani watu wamegombana.

Meneja yule alihamishwa, akaja wa pili, mpole wa sauti. Nilidhani jina litaondoka na mwenyewe. Wapi! Alikabidhiwa ofisi, magari na Chai.

Binti yangu Edita alipofaulu, alikwenda chuo kikuu kusomea tabia za watu kazini: kwa nini mtu anaipenda kazi au anaichoka, na wakubwa wanavyomjenga au kumvunja. Likizo moja, jikoni kwetu Mshangano, alinihoji kwa ajili ya somo lake.

"Mama, bosi anakuita nani?"

"Chai."

Akaacha kuandika. "Na wewe unaitika?"

"Naitika abee. Ulitaka niitike maji?"

Alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaishika kalamu tena. "Mama, mtu akinyang'anywa jina kazini, kuna kitu ndani yake kinazimika polepole. Tumefundishwa. Nikimaliza nitakuwa afisa utumishi, nianzie ofisini kwenu. Kila mtu ataitwa jina lake."

Nilimwamini. Ahadi hiyo ndiyo iliyonisaidia kubeba sinia miaka yangu ya mwisho.

Alihitimu. Baba yake hakuliona joho, tulikuwa tumeshamzika. Edita akapeleka barua za maombi Songea, Namtumbo, hadi Tunduru. Bwana mmoja alimuuliza, "Saikolojia? Kwa hiyo unatibu vichaa?" Miaka ikapita. Akaacha kuipiga pasi sketi yake ya usaili.

Siku nilipostaafu, Meneja aliniambia kwa wema kabisa, "Yule binti yako si yupo tu nyumbani? Aje ashike nafasi yako." Nilipomweleza Edita, alikubali kabla sijamaliza. Nilitamani agome, anifokee hata mimi. Alikubali tu.

Vijana huniuliza kazi ilikuwaje, kana kwamba nina la kuwafundisha. Sina. Juzi nilimpelekea Edita sweta alilolisahau nyumbani. Nikakaa kwenye benchi la wageni kumsubiri. Mlango wa Meneja ukafunguka kidogo.

"Chai!"

Nikainuka. Miguu iliinuka yenyewe. Lakini sauti ya Edita ilishatoka jikoni, nyororo, bila kinyongo chochote:

"Abee."